Namba Sabini na Nne

Kila asubuhi ya kikao cha Bunge, Ntate Letsatsi Khetsi alijifunga blanketi lake la kahawia, akavaa kofia, akatoka kwenda kusimama getini kuangalia hali ya hewa. Hali yenyewe haikuwa na la kuangaliwa. Ilikuwa Julai, sakitu imelala juu ya majani kama unga uliomwagika, na milima iko pale pale ilipokuwa jana. Mzee alitoka kwa sababu nyumba ya kupanga ya mwanawe ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja, naye ndiye aliyelala chumba cha mbele. Mkamwana wake, 'Mathakane, asingeweza kupita mbele ya kitanda cha baba mkwe. Basi mzee aliona afadhali yeye apigwe na baridi robo saa, mwana wa watu apite na heshima zake.

'Mathakane alilijua hilo, ingawa halikuwahi kusemwa. Alipita na kitambaa kichwani na shali mabegani, macho chini, akasema "Khotso, Ntate," yaani amani, baba, naye mzee akaitikia huku akitazama mlima. Miaka sita ya ndoa, hawakuwahi kukaa meza moja.

Wala hakuwahi kulitamka jina lake. Mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe wake, na kwa kuwa jina la mzee huyu ndilo jina la jua kwa lugha yao, 'Mathakane hakuwahi kulitaja jua pia. Alisema "taa ya mchana". Taa ya mchana imechelewa kutoka leo. Anika nguo, taa ya mchana ni kali. Mama mkwe wake, 'M'e 'Matšeliso, alimfundisha hivyo wiki ya kwanza, akaongeza kwamba kuandika nako ni kutaja, kwani mkono ni wa nani kama si wako?

Wanawake wa mjini walimcheka. Wengi wao walikwisha kuyaacha mambo hayo. Lakini 'Mathakane alikuwa na sababu yake, tena iliyomuuma. Alipoolewa, kondoo wa koae hakuchinjwa. Huyo ndiye kondoo wa kumpokea bibi harusi, ambaye akishaliwa ndipo watu husema huyu sasa ni wetu. Mwaka ule theluji iliua nusu ya kundi, wakwe wakamwambia, kaa tu mwanangu, kondoo atakuja. Mwaka wa pili ukawa wa ukame. Halafu ikaja sheria ya sufu, na kondoo akawa haji. Msibani mwaka jana aliinuka kwenda kusaidia kukata nyama, shangazi wa mumewe akamzuia kwa kijiko cha mti.

"Wewe kaa kule na wageni. Nyama hapa inakatwa na waliokula koae."

Alirudi akaketi na wageni. Tangu siku hiyo aliishika heshima ya jina kama mtu aliyeshika cheti pekee alichonacho.

*

Jumanne moja asubuhi simu ya mzee iliita akiwa bado kitandani. Alikuwa haelewi namna ya kuipunguza sauti, kwa hiyo nyumba nzima ilisikia. Alikuwa mkewe, kutoka Ha Rapokane kule milimani.

"Ntate, uani hapa kumejaa wanaume wenye fimbo."

"Wanataka nini?"

"Wanataka nikuambie leo uiangushe serikali. Wanasema marobota yao yanalala na panya tangu Oktoba, na wewe umekaa mjini unakula nyama."

Sheria yenyewe ilisema sufu yote iuzwe humu humu nchini, kwenye mnada mmoja, isivushwe tena mpaka kama miaka yote. Mnada ukawa mwembamba kama tundu la sindano. Serikali ilikuwa ya vyama vinne vilivyoungana kwa kuwa hakuna kilichotosha peke yake, na chama cha Ntate Letsatsi kilikuwa cha nne, chenye mbunge mmoja, ndiye yeye. Upinzani ulikwisha kuleta hoja ya kutokuwa na imani mara mbili tangu Machi, na mara zote mbili serikali iliponea chupuchupu. Leo ilikuwa mara ya tatu.

"Waambie muswada wa kuirekebisha sheria umeshasomwa mara moja," mzee alisema. "Unasomwa tena Alhamisi. Serikali ikianguka leo, Bunge linavunjwa na muswada unakufa. Tutaanza upya baada ya uchaguzi, na sufu itakaa mwaka mwingine."

"Nimewaambia. Wanasema hayo ni maneno ya mtu aliyenunuliwa gari."

"Gari lipi, 'Matšeliso? Nimelala kwenye kitanda cha mwanangu, miguu inaning'inia nje!"

"Hilo nalo nimewaambia. Wamecheka. Wanasema ukiiokoa serikali hiyo, usipite njia ya banda la sufu ukirudi."

"Nitapita ya mtoni."

Upande wa pili wa pazia, mwana wa mzee, Tšeliso, alimtazama mkewe. Alikuwa amerudi kutoka migodini mwaka uliopita baada ya kupunguzwa kazi, na sasa alishona viatu kwenye kibaraza cha duka. Mshahara wa 'Mathakane wa kuchapa karatasi za Bunge ndio uliolipa nyumba, na mkataba wake wa majaribio ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi.

"Leo usikosee kitu," Tšeliso alimnong'oneza.

"Mimi hukosea nini?"

"Nasema tu."

Getini mzee alikuwa ameshasimama kwenye nafasi yake, anapuliza vidole. 'Mathakane alipita. "Khotso, Ntate." Alitamani kuongeza neno, kwamba amesikia, kwamba anamwonea huruma, lakini hakujua lingeanzia wapi. Alikwenda zake.

*

Ofisini alifanya kazi meza moja na Ausi Nthati, dada mnene mwenye kucheka, ambaye ndiye aliyeokoa heshima ya 'Mathakane kila kikao. Orodha ya wabunge ilikuwa na majina mia na ishirini. 'Mathakane aliyachapa yote isipokuwa moja. Pale aliacha mstari mtupu, Nthati akavuta kiti, akajaza jina kwa vidole viwili, akadai malipo yake ya maandazi mawili ya moto.

"Siku nikistaafu utakufa njaa wewe," Nthati alipenda kusema. "Au baba mkwe wako atakufa kisiasa."

Jumanne hiyo Nthati hakuja. Jino. Alituma ujumbe kwamba shavu limevimba kama mkate na yuko kwenye foleni ya zahanati.

'Mathakane hakujali, kwa sababu orodha ya wiki iliyopita ilikuwapo, imekamilika. Lakini saa tano kasorobo Katibu wa Bunge aliingia mbio, miwani imepanda kwenye paji. Wabunge wawili walikuwa wamevuka sakafu asubuhi hiyo hiyo, wakahamia upinzani na viti vyao, na viti vyote vya upande ule vimesogea. Upinzani unataka kura ya kuitwa majina, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa viti vipya.

"Nataka orodha mpya kabla ya saa sita. Na isiwe na kosa, leo wataitafuta hata nukta."

Alichapa. Vidole vilikuwa baridi, na kipasha joto cha mafuta kilinuka bila kupasha. Sabini na mbili, sabini na tatu. Kwenye sabini na nne aliacha mstari mtupu kama kawaida, akasema moyoni: nitamwomba mlinzi wa mlangoni, yule anajua kuchapa. Akaendelea mpaka mia na ishirini. Alipobonyeza ili aione kwenye karatasi kwanza, Katibu alikuwa amesimama kwenye mashine. Karatasi ikatoka, akaichukua ikiwa bado na joto.

"Ntate, subiri, kuna..."

"Kengele imelia, 'M'e! Twende!"

Angeweza kumshika koti. Angeweza kupiga kelele kwamba sabini na nne haina jina. Lakini angeulizwa ni jina la nani. Alijiambia Katibu ataona nafasi, mtu yeyote mwenye macho ataiona, na ataikumbuka mwenyewe. Alishika daftari lake, akamfuata.

*

Ukumbi ulijaa mpaka juu kwa wasikilizaji. Wengine walikuwa wakulima waliokuja na mabasi, wamejifunga mablanketi, na mmoja alikuwa ameingiza kipande cha sufu chafu mfukoni, akawa anakionyesha kwa kila aliyemtazama.

Ntate Sekoala wa upinzani, mbunge wa bonde la jirani na Ha Rapokane, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuichangia hoja. Alikuwa mzee mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo, na kwa miaka kumi hakupitisha wiki bila kumchokoza Ntate Letsatsi.

"Mheshimiwa Spika, serikali hii ina miguu minne kama meza, lakini mguu wa nne ni wa kuku!" Ukumbi ukacheka, wote wakimtazama Ntate Letsatsi. "Jirani yangu pale, namwona amenuna. Kondoo wake wakijua anavyopiga kura, watakataa kunyolewa!"

"Wa kwako wamekataa kuzaa!" Ntate Letsatsi alijibu, na Spika akagonga meza.

Majina yakaanza kuitwa. Kila aliyeitwa alisimama akasema ndiyo au hapana. Juu kwa wasikilizaji watu walizomea kila hapana, wakashangilia kila ndiyo, na Katibu alisoma haraka, kidole kikikimbia kwenye karatasi. 'Mathakane, kwenye meza ndogo ya pembeni, aliweka alama kwa kila kura. Sabini na mbili, ndiyo. Sabini na tatu, hapana.

Kidole cha Katibu kikaruka, akaita jina la mbunge wa Matsoaing. Hiyo ilikuwa sabini na tano.

Kalamu ilimdondoka. Alimtazama mzee. Mzee alikuwa amekaa ametulia, mikono juu ya fimbo, kwa sababu viti vilibadilishwa na hakuna aliyejua zamu yake ni lini. Alikuwa anasubiri kuitwa.

Alisubiri mpaka mwisho.

"Ndiyo, hamsini na tisa," Katibu alisoma. "Hapana, hamsini na nane. Wawili hawapo."

Kelele zilizotoka upande wa upinzani zilitikisa taa. Watu walikumbatiana. Yule mkulima akarusha sufu yake juu. Katikati ya hayo Ntate Letsatsi alikuwa amesimama, mkono umeinuliwa, mdomo unakwenda bila kusikika, mpaka Spika alipogonga rungu mara saba.

"Mheshimiwa Spika, mimi sikuitwa."

Zikawa kelele nyingine. Katibu alipekua karatasi, akaishiwa rangi. "Mheshimiwa Spika... sabini na nne iko tupu."

"Nani aliyechapa orodha?"

'Mathakane alisimama.

Mbunge mmoja kijana wa upinzani, mwanasheria, aliruka juu. "Hoja ya utaratibu! Asiyekuwa kwenye orodha hajapiga kura, na matokeo yamesomwa. Tena, Mheshimiwa Spika, huyu mwanamke ni mkamwana wake! Wanakaa nyumba moja! Mzee aliogopa wapiga kura wake, akaogopa na serikali, akamwambia mkamwana amfute jina asionekane upande wowote. Huu ni mchezo!"

"Uongo!" Ntate Letsatsi alisema. Neno lile lilimpata pale ambapo hakuwa na ngao. Juu kwa wasikilizaji mtu alipiga kelele, "Mzee mwoga!"

"'M'e," Spika alisema, "ni kweli ulimfuta?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ni jina la nani linalokosekana hapo?"

"La... la mbunge wa Ha Rapokane."

"Mbunge ana jina. Kumbukumbu za Bunge zinataka jina. Mtaje."

'Mathakane alifungua kinywa. Alijua kwamba neno moja lingetosha, neno ambalo kila mtoto hulisema akichungulia dirishani. Alijua mkataba wake, kodi ya nyumba, viatu anavyoshona mumewe. Alimwona mzee akimtazama usoni kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na akamwona akitikisa kichwa polepole, chini na juu: sema tu, mwanangu. Ulimi haukuinuka. Machozi yakashuka mpaka kwenye kola.

"Ameona aibu ya mchezo wao!" kijana yule alisema. "Mtu safi angetaja!"

"Kaa chini, wewe!"

Sauti hiyo haikutoka upande wa serikali. Ntate Sekoala alikuwa amesimama, blanketi limemteleza bega moja.

"Mheshimiwa Spika, naomba radhi kwa chama changu. Hamwoni mnachofanya? Mnamlazimisha mkamwana amtaje baba mkwe wake mbele ya watu mia tatu! Mama yangu alikufa na miaka themanini na tisa bila kulitamka jina la babu yangu. Hospitali walimwuliza jina la ukoo, akawaambia kamwulizeni hata mlinzi wa getini, si mimi." Kicheko kidogo kikapita. "Huyu dada hakufuta. Hakuweza kuandika. Kama mtu wa mlimani haoni hilo, basi blanketi lake alilivue."

"Mheshimiwa, unaelewa unachokifanya kwenye hesabu ya kura?" Spika alimwuliza.

"Naelewa hesabu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu." Ntate Sekoala alimgeukia jirani yake, akamtazama kwa hasira ya kweli. "Naitaka serikali hii ianguke hata kesho. Lakini isiangukie juu ya heshima ya mkamwana wa mtu. Mwiteni huyo mzee apige kura yake mbaya, twende nyumbani."

Yule kijana aliketi. Spika alifungua kitabu cha kanuni, akasoma, akasema kwamba matokeo hayajatiwa saini, na mbunge aliyerukwa ataitwa. Katibu akaita jina zima, kwa sauti, na 'Mathakane akainamisha kichwa lilipopita.

"Hapana," alisema Ntate Letsatsi.

Hamsini na tisa kwa hamsini na tisa. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Serikali ya mseto ilibaki imesimama kwa mara ya tatu, na mzomeo ulioshuka kutoka juu ulimpata mzee mmoja tu, ambaye aliupokea akiwa amesimama, kofia mkononi.

*

Katibu alimwita 'Mathakane ofisini, akamfungia mlango na kumsema mpaka miwani ikaingia ukungu. Halafu akaivua, akaifuta.

"Ungeniambia. Miezi mitano, ungeniambia tu."

"Nilidhani utanicheka, Ntate."

"Ningekucheka. Halafu ningeijaza mwenyewe." Alimpa barua ya onyo ya aya mbili. Ya tatu alikuwa ameikata kwa kalamu nyekundu: ndiyo iliyokuwa inamwachisha kazi.

Alhamisi muswada ulisomwa, ukapita. Watu wa Ha Rapokane wakaruhusiwa kuuza wanakotaka, na wiki mbili baadaye malori yakapanda milimani. Hawakumwomba mzee radhi. Alipopita njia ya banda la sufu mmoja wao akasema, "Khotso, Ntate Letsatsi," na mwingine akamsogezea kigogo cha kukalia. Kwa watu wale, hiyo ilikuwa nyingi.

Mwisho wa Agosti, 'Mathakane na mumewe waliitwa nyumbani bila kuambiwa kisa. Walipofika walikuta kondoo dume mweupe amefungwa uani, na 'M'e 'Matšeliso amevaa blanketi lake la sherehe.

"Umechelewa," mama mkwe alimwambia.

"Basi lilipanda polepole, 'M'e."

"Sisi ndio tuliochelewa, mwanangu. Miaka sita. Nilisikia redioni ulivyosimama pale. Nikazima. Nikalia na vyombo mkononi." Akamshika mkono. "Hatukukupa kitu, na ukatutunzia kila kitu."

Ntate Sekoala alikuja kutoka bonde la pili juu ya farasi, kwa mwaliko wa Ntate Letsatsi mwenyewe. Alishuka akilalamikia goti.

"Serikali ilinishinda kuiangusha," alisema akimtazama kondoo, "lakini huyu hanishindi."

"Kula, Mheshimiwa. Mguu wa kuku hatunao," Ntate Letsatsi alimjibu, na wazee wawili wakacheka mpaka wakakohoa.

Shangazi wa mumewe alikuwapo pia, na kijiko chake. Nyama ilipoiva 'M'e 'Matšeliso alikichukua kile kijiko mkononi mwa shangazi, akampa 'Mathakane. 'Mathakane alipakua kwanza ya shangazi, kipande kizuri chenye mafuta. Halafu akala ya kwake, ya moto, vidole vikiungua. Alimshukuru Mungu, akamshukuru kondoo, akamshukuru hata Nthati na jino lake. Alimwekea kipande, akakifunga kwenye karatasi mbili.

*

Kikao kilipoanza tena Septemba, asubuhi ya kwanza 'Mathakane alitoka nyuma ya pazia akakuta kitanda kitupu. Sasa kwa kuwa mkamwana ameshakula koae na ni wa nyumba, mzee angeweza kubaki ndani akanywa chai yake. Lakini alikuwa getini, blanketi la kahawia, anautazama mlima usio na jipya.

'Mathakane alirudi kwenye jiko. Alimimina chai kwenye kikombe kikubwa, akatia sukari vijiko vitatu kama alivyosikia kila asubuhi mzee akimwagiza Tšeliso, akakibeba mwenyewe mpaka nje. Alikishika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akakiweka mikononi mwake.

"Khotso, Ntate. Ingia ndani, kuna baridi."

Mzee alikipokea. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. "Nilikuwa natazama kama kutakuwa na mvua," alisema.

"Hakuna, Ntate." Aliinua macho, akayaweka mlimani alikokuwa anatazama mzee, ambako ncha za mawe zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. "Taa ya mchana hiyo inatoka."

Ntate Letsatsi alicheka, akakohoa, akanywa. Halafu akageuka, wakaingia ndani kwa mlango ule ule mmoja.